Sampuli Namba Kumi na Tisa

Foleni ya ukaguzi wa mizigo stesheni ya Soga ilikuwa imekwama, na aliyeikwamisha ni msichana wa gauni la kitenge cha njano, miwani imemteremkia puani. Jina lake Efrazia, mwaka wa mwisho wa masomo ya maabara katika chuo kimoja cha Kibaha. Mkobani mwake mlikuwa na bahasha kumi na nane za kaki, na mlinzi hakuzielewa hata moja.

"Dada, humu mna nini?"

"Magamba ya ngozi, kaka."

"Ngozi ya nini?"

"Ya watu. Na ya ndama wawili watatu."

Mama mmoja akamvuta mwanawe pembeni. Efrazia wala hakukasirika, akaeleza taratibu. Anasomea vimelea vya magonjwa, bakteria na fangasi. Mwaka huu anamtafuta fangasi mmoja tu, yule anayehama kutoka kwa ng'ombe na kumwachia mtu choa. Anakwangua ngozi, anaifunga kwenye karatasi, kisha anakwenda kuiotesha kwenye sahani za maabara.

"Kuiotesha kama mchicha?" sauti ikauliza nyuma yake.

Akageuka. Nyie, acheni! Kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, shati jeupe limekunjwa mikono, bangili ya shaba ameivua tayari kuipitisha kwenye mashine. Msichana mwingine angeanza na macho, au hilo tabasamu. Huyu wetu alitazama mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo. Palikuwa na duara kubwa, kingo zimeinuka nyekundu, katikati pamepauka. Moyo ulimwenda mbio.

"Mungu wangu, kizuri hicho," akasema.

Kijana akaweka kola sawa. "Ahsante. Hata wewe si haba."

"Nasema choa chako."

Foleni nzima ikaangua kicheko, mlinzi akiwemo, na bahasha zikapita.

Kijana aliitwa Shigela. Ndani ya treni alihakikisha anapata kiti karibu naye, na wote walikuwa wanashukia Pugu, yeye akirudi nyumbani, Efrazia akienda kutafuta wafugaji wa Kisarawe.

"Nakaa Masaki," alisema Shigela.

"Masaki kwa matajiri?"

"Masaki ya mihogo, dada yangu. Kisarawe huko. Baba alishuka na ng'ombe kutoka Usukumani, mimi hata sijaanza kutembea."

Dirishani mikorosho ilikimbia nyuma, mvua ya rasharasha ikichora mistari kwenye kioo, na Efrazia akatamani safari iwe ndefu kidogo. Lakini Pugu si mbali. Walipofika walikaa kwenye benchi nje ya stesheni, akavaa glovu, akamkwangua mkono kwa kisu butu, kisha akaupiga picha, bangili ikiwa imesharudi mahali pake.

"Umepaka nini hapa?"

"Bado. Mama anashauri oili chafu ya gari."

"Thubutu! Usipake kitu chochote mpaka nikuambie. Huenda nikahitaji kuchukua tena."

"Hata mafuta ya nazi?"

"Hata mafuta ya nazi. Na hii picha ni mkono tu. Uso hautaonekana, na jina lako sitalitaja kwa mtu yeyote. Kwetu sisi jina la mgonjwa halitoki mdomoni."

"Hata kwa mama yako?"

"Hata kwa mama."

"Basi tumeahidiana," alisema Shigela, na alipotabasamu safari hii Efrazia aliyaona meno yote.

Bahasha ya kumi na tisa ilipata sahani yake siku hiyo hiyo. Na simu zikaanza, kila jioni Shigela akimaliza kukamua.

"Mtaalamu, nimeshaota?"

"Bado."

"Wenzangu je?"

"Namba tano ameota bakteria. Usiku mmoja tu kajaza sahani, utadhani anafukuzwa. Wewe kimya."

"Mimi ni mtu wa taratibu, mama."

"Ndiyo maana nimekuweka nyuma kabisa ya kabati la joto. Mlango ukifunguliwa, baridi isikupige."

"Efra, hivyo ulivyosema, nimependa."

"Nenda kapumzike, mpenzi," akajibu, na neno lilikuwa limeshatoka. Akaikumbatia simu kifuani. Pale kituoni Maili Moja mabasi yalikuwa yanapiga honi kama yamechanganyikiwa, wapiga debe wanagombana, yeye anapita katikati yao akitabasamu peke yake.

Jumapili walikutana Kisarawe, wakapanda vilima vya juu ya mji, ukungu ukiwa bado kwenye miti. Efrazia alikubali kushikwa mkono, lakini kwa mkono wa kushoto tu.

"Na huu wa kulia?" Shigela akalalamika.

"Huo uko karantini, baba."

Walipendana, nisizunguke.

Wiki ya pili chuo kilifanya maonyesho ya kazi za wanafunzi. Efrazia alimwalika Shigela kwa furaha, wala hakufikiria zaidi. Shigela akaja na suruali iliyonyooshwa, kiatu kimeng'arishwa, kopo la maziwa ya mgando mkononi, na bangili yake ya shaba. Akaingia ukumbini akitabasamu, na kitu cha kwanza kukutana nacho ni mkono wake mwenyewe kwenye bango, mkubwa kama mlango, na bangili ikiwaka. Chini pameandikwa: Sampuli Namba 19. Hakuna kilichoota.

Efrazia, ndani ya koti jeupe, aliiona ile bangili pichani, akaiona na ile iliyokuwa inamjia. Vipi hakuikata kwenye picha? Mwalimu Bertha, msimamizi wake, alikuwa kando yake na walimu wengine watatu.

"Efrazia, naona mgeni anakuja kwako. Ni nani wako?"

Akisema mpenzi wangu, watauliza jina, wataitazama bangili, na ukumbi wote utajua choa ni cha nani. Alikuwa ameahidi. Hakupata hata nafasi ya kumeza mate.

"Simfahamu, mwalimu."

Shigela alisikia. Alikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Aliweka kopo la maziwa juu ya meza, taratibu, akageuka akaondoka. Efrazia alipopata upenyo wa kumkimbilia, pikipiki ilikuwa imeshaingia barabarani. Jioni akapiga, haipiti. Kesho yake, haipiti. Namba yake ilikuwa imefungiwa.

Alilia mpaka akachoka. Wanafunzi wenzake walitupa sahani zao wiki mbili zilipotimia. Kilichotaka kuota kilikuwa kimeota. "Na hiyo tupa," wakamwambia. Hakutupa. Alijua kitabuni fangasi wa ng'ombe huchelewa, lakini ukweli ni kwamba hakuwa na kitu kingine cha Shigela. Kila asubuhi alifungua kabati la joto, akaitazama sahani tupu, akafunga.

Siku ya ishirini na sita akaona kidoa cheupe, kidogo kama punje ya mchele. Mwalimu Bertha alichungulia kwenye darubini muda mrefu. "Ndiye huyu," akasema. "Hongera, mwanangu. Wengi wangeshamtupa." Efrazia hakuusubiri mchana. Alipita duka la dawa, akachukua bodaboda mpaka Masaki, gauni la njano likajaa vumbi jekundu.

Zizini alimkuta mama yake Shigela, Mama Kashindye, akiosha madumu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa kwenye simu?" Akaita bila kungoja jibu. "Shigela! Njoo, mgeni wako!"

Shigela akatokea, mkono wa kulia umefungwa kitambaa. Hakumsalimu.

"Umeota," Efrazia akasema.

"Sampuli ndiyo imeota. Kaandike kwenye bango."

"Shigela..."

"Kumbe jina langu unalijua?"

"Bangili yako ilikuwa kwenye picha! Ningesema wewe ni wangu, wote wangejua mkono ni wa nani. Nilikuahidi sitakutaja."

"Ungesema hata rafiki, Efra."

"Ningeweza. Niliogopa, nikakosea vibaya. Nisamehe."

Shigela alitazama ng'ombe, akatazama chini. Kisha akafungua kile kitambaa. Choa kilikuwa kimetambaa kutoka kifundoni mpaka karibu na kiwiko.

"Yesu wangu! Hukupaka dawa?"

"Uliniambia nisipake mpaka uniambie."

"Wiki zote hizi? Umenikasirikia mpaka umenifungia simu, na bado hukupaka?"

"Nilikukasirikia, ndiyo. Lakini nilikuwa nimeshakuahidi."

"Anajikuna mpaka anatia huruma," mama akadakia. "Nimemletea oili chafu mara ngapi, kakataa!"

Efrazia akalia palepale, mbele ya ng'ombe na mama mkwe. Akavaa glovu, akafungua dawa, akampaka polepole, machozi yakidondokea kwenye miwani.

"Paka asubuhi na jioni, wiki nne. Na ndama nao tutawatibu."

"Na hizo glovu utavua lini?"

"Ukipona."

"Basi nitapaka," Shigela akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka.

Wiki ya tano tangu dawa ianze walikuwa Soga tena, wametoka kumsalimia mjomba wake Shigela. Mlinzi akamtambua.

"Dada wa magamba! Leo hakuna bahasha? Na huyu kaka, mko pamoja?"

Efrazia akaushika mkono wa kulia, mtupu kwa mtupu, ngozi imerudi laini. "Tuko pamoja. Namfahamu sana. Anaitwa Shigela," akasema, na foleni nzima ikasikia.

Shigela alivua bangili, ikapita kwenye mashine. Upande wa pili aliiokota, lakini hakuivaa. Akamvisha Efrazia.

"Ukiikubali, Jumapili nakuja kwenu na wazee."

Efrazia akaizungusha mkononi, macho yamejaa maji. "Inanipwaya."

"Utanenepa. Maziwa kwa mama yapo tele."

"Nimekubali," akasema Efrazia. "Lakini yachemshwe kwanza."