Shuka Lililopimwa kwa Uso

"Samahani, kuna mtu amekaa hapo," ilisema sauti ndani ya miwani.

Halidi akaivua, akatazama. Kochi la pembeni lilikuwa tupu.

Ilikuwa miwani ya VR, ile unayoivaa usoni ukajiona uko mahali pengine kabisa. Hii aliibuni mwenyewe, sebuleni kwake Kongowe ya Kibaha, iweze kuifahamu nyumba: imwambie mvaaji kuna meza, kuna stuli, kuna mtu, asije akajigonga. Kampuni iliyoiagiza ilitaka kitu cha kupendeza sebuleni, si yale madude meusi ya plastiki. Basi Halidi akaivisha ukili wa mkeka uliosukwa, na ndani, panapogusa uso, akashonea kitambaa chekundu, laini kama pamba.

"Programu yako imelewa," akamwambia mwenzake, Faustine.

"Programu hainywi, kaka. Lete huku." Faustine akavaa, akaangua kicheko. "Ee bwana! Umemweka na bibi humu? Kakaa kwenye kochi, katupa mgongo. Bibi, hebu geuka basi tuku..."

Kofi likalia. Faustine akaenda chini na miwani yake. Alipoinuka, shavu lilikuwa na alama za vidole.

"Umenipiga, Halidi?"

"Niko huku mlangoni! Nimekupigaje?"

"Usinifanye mtoto! Tuko wawili humu!" Akakamata begi, akatoka pekupeku, viatu akaviacha.

Mwanamvua, mkewe, akaja kutoka jikoni na mwiko mkononi. "Nani kafukiza ubani?" Ndipo akaiona miwani sakafuni, imelala chali, wekundu wake nje. Mwiko ukamdondoka.

"Halidi. Hilo ni shuka la mama."

"Ni kipande tu."

"Umefungua kasha la mama yangu?"

Mama yake, Bi Mwanamkuu wa Vihingo kule Kisarawe, alikuwa kiti cha jini, yaani mtu ambaye jini humkalia na kusema kwa kinywa chake, tangu usichana wake, na shuka lile halikuwa la kwake, lilikuwa la jini. Alivishwa shuka hilo kila jini lilipompanda, akivuliwa linakunjwa. Alipofariki, kasha lilihifadhiwa hapa likimsubiri Kitwana, kaka mkubwa, alirudishe shuka Vihingo likiwa zima na kuagana na jini kwa heshima. Halidi alilitia mkasi.

"Sponji inamtoa mtu jasho usoni, kitambaa kipya kinakwaruza," akasema. Kisha hasira zikampanda. "Na huo ni ushirikina! Nyumba hii inasaliwa! Nimekata kitambaa, sijakata mtu!"

"Ungeniomba!"

"Ungekataa!"

"Ndiyo, ningekataa! Ulijua, ndiyo maana ukaiba!"

Halidi akaiokota miwani, akaiweka mezani. Moyoni alijua kwamba dini alikuwa akiivuta hapo ifunike tamaa yake, na kwamba Mungu hakuwa amemtuma kufungua kasha la mtu.

Akampigia Kitwana simu. Kitwana alitukana, kisha akasema yuko njiani.

Magharibi ilipoingia Halidi akatandika mswala, lakini kila alipofika kwenye sijida alisikia bangili zikigongana nyuma ya kisogo chake, na harufu ya ubani ikazidi, na marashi, na ndani ya marashi harufu ya nguo iliyokaa muda mrefu gizani, na pale mezani miwani ambayo hakuna aliyeivaa ikaanza kusema kuna mtu amesimama, kuna mtu anakuja, kuna mtu yuko karibu sana, mpaka Mwanamvua akapiga ukelele mmoja, akaanguka, akaanza kutetemeka kuanzia nyayo kupanda juu, na sauti iliyomtoka haikuwa yake.

"NANI KAKATA NGUO YANGU?"

Kitwana aliwakuta hivyo. Hakumsalimu mtu. Alitia ubani kwenye chetezo, akasoma, akapiga magoti mbele ya dada yake.

"Tumekosa, bibi. Tutakununulia jipya."

"Sitaki jipya! Huyu atakuwa kiti changu, na nitamkalia mpaka avunjike!"

Damu ikamtiririka Mwanamvua puani.

"Kaka, fanya kitu," Halidi akanong'ona. "Atakufa."

"Sasa unaniita kaka? Juzi uliniita mshirikina!" Kitwana akamgeukia, mate yakimruka. "Hebu sema. Lile shuka ulilikata kwa kipimo cha uso wa nani?"

Halidi akakumbuka mkanda wa kupimia, kutoka sikio mpaka sikio, mbele ya kioo. "Wangu."

"Kwa majini, aliyepimiwa shuka ndiye kiti. Sheria yenyewe ndiyo hiyo, hata jini halina ubishi nayo. Lakini lazima uvae kwa ridhaa yako."

"Na nikivaa, litamwachia?"

"Litamwachia yeye."

Halidi aliilaani miwani, akamlaani jini, akajilaani na mwenyewe. Kisha akapiga shahada, akaivaa.

Mwanamvua alinyamaza papo hapo. Mtetemeko ukaisha, damu ikakatika. Akafumbua macho, akakaa, akajifunga khanga vizuri kama mtu aliyeamka usingizini, akamwona kaka yake.

"Shikamoo, kaka," akasema kwa sauti yake mwenyewe.

Kabla Kitwana hajafungua kinywa, kwenye kochi Halidi aliketi wima, mikono magotini, na sauti ile ambayo Mwanamvua aliisikia kinywani mwa mama yake Ijumaa zote za utoto wake ikatangulia kujibu.

"Marahaba. Tangu mama yenu afe hamjanipa hata tone la marashi. Kaeni chini wote."