Mchakamchaka wa Minza

Treni ya kutoka Tabora ilipoingia stesheni ya Mpanda asubuhi ile, watu waliifuata mbio kama siafu waliomwagiwa maji. Minza alikuwa miongoni mwao, ndani ya gauni la kitenge cha njano alilolishona mwenyewe, nalo lilimkaa mwilini hata wachukuzi wakasahau mizigo. Alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda sokoni, na alikuja kupokea robota lake la vitenge.

Robota lenyewe likamponyoka mchukuzi mlangoni mwa behewa. Kabla halijagusa tope, mikono miwili ikalidaka.

"Dada, hili ni lako?"

Mwenye mikono alikuwa kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama kama wembe.

"Ni langu. Umelidaka kama mpira! Wewe ni golikipa?"

"Hapana, mwanajeshi."

"Na wanajeshi wote wanapiga pasi hivyo?"

"Asiyepiga pasi vizuri anakimbizwa mpaka jua lizame."

Minza alicheka hadi akashika mbavu. Robota lilipopakiwa kwenye bajaji, walikuwa wamekwisha kubadilishana namba za simu.

Kijana huyo aliitwa Evodi, koplo wa kikosi cha makomandoo kilichopiga kambi nje ya mji kwa mafunzo ya msituni. Miezi minane ya mapenzi ilimfunza Minza desturi zao. Evodi alimaliza sahani ya wali kwa dakika tatu. Mgahawani hakuketi ila mgongo uwe ukutani na macho mlangoni. Alipokwenda kijijini Sibwesa kujitambulisha, Mzee Luhende, baba yake Minza, alitokea zizini, naye Evodi akaruka akasimama wima, kidevu juu.

"Keti, mwanangu," mzee akamwambia. "Kwangu wanaosimama ni ng'ombe tu."

Mzee akampenda tangu hapo.

Kisha siku moja simu ikaita.

"Mpenzi, leo simu zetu zinakusanywa. Tunaingia msituni."

"Msitu gani? Katavi yote ni msitu!"

"Hata mama yangu mzazi simwambii."

"Nyie makomandoo mna mambo! Na ukinisahau huko?"

"Nikusahau wewe? Kuna jambo nimelianzisha juu yetu sisi wawili. Usiniulize, siruhusiwi kulisema."

Zikapita wiki tatu za ukimya. Wiki ya nne, mwanamke mmoja alisimama mbele ya cherehani ya Minza. Alikuwa na nywele fupi, suruali ya jinsi, na macho yasiyopepesa.

"Wewe ndiye Minza wa Evodi? Umewahi kuolewa? Una mtoto?"

"Kwanza niambie, wewe ni nani?"

"Mtu anayehusika naye. Unamjua vizuri? Lile kovu lake la begani alilipataje?"

Damu ikampanda Minza kichwani. "Wewe unalijua?"

"Nililishona mimi, kwa sindano na uzi."

Dorice, rafiki yake wa kibanda cha pili, akanong'ona, "Shoga, huyo ni mke! Mwanamke gani mwingine atajua bega la mwanaume?"

Minza akasimama, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. "Basi mchukue Evodi wako! Simtaki! Sitaki hata kumwona!"

"Una uhakika na jibu lako?"

"Andika kabisa!"

Mwanamke akatoa daftari, akaandika, akaaga kwa heshima, akaondoka kwa hatua zilizonyooka. Minza alishona mikono ya gauni la mteja nyuma mbele siku hiyo, machozi yakimdondokea kwenye kitambaa.

Ijumaa jioni Evodi akapiga.

"Minza, nimekukosea nini?"

"Muulize mkeo! Yule fundi wa kushona makovu!"

Evodi alishusha pumzi. "Huyo ni Sajenti Romana, muuguzi wetu. Mkuu wa kikosi alimtuma. Kwetu komandoo haoi mpaka mchumba wake achunguzwe, na mchumba haambiwi mapema, asije akapanga majibu. Leo jibu lako limesomwa mbele ya mkuu. 'Mchumba hamtaki.'"

"Mungu wangu! Waambie wafute!"

"Mimi siwezi kukusemea. Kesho saa nne faili linafungwa, na Jumatatu tunaondoka Mpanda. Huko tunakokwenda sitaruhusiwa kuomba tena kibali cha kuoa mpaka ipite miaka mitatu."

"Nije kambini?"

"Raia haingii. Minza wangu, afande anataka simu..."

Ikakatika.

Raia haingii kambini, sawa. Lakini Mpanda nzima ilijua kwamba kila Jumamosi asubuhi kikosi kilikimbia mchakamchaka barabara ya Magamba, na barabara haina geti. Saa kumi na mbili na nusu Minza alikuwa pale, gauni jekundu, viatu vya kisigino. Vumbi likatangulia, wimbo ukafuata.

"Nani anatutaka?" aliimbisha Meja Sixte, mkuu wa kikosi.

"Msitu!" waliitika.

"Nani anatutaka?"

"Mimi!" Minza akapaza sauti. "Namtaka Evodi!"

"Dada, ondoka barabarani!" Meja akafoka.

"Siondoki, afande! Mimi ndiye Minza. Nilidhani Sajenti ni mkewe!"

Kutoka mstari wa pili Romana akaangua kicheko. "Mimi? Na huyu anayekoroma hata juu ya mti?"

"Kikosi hakisimami," Meja akasema bila kupunguza mwendo. "Mwenye neno akimbie nalo!"

Minza akavua viatu, akakusanya gauni kwa mkono mmoja, akakimbia ubavuni mwa mstari. Evodi alikuwa anatazama mbele kama sheria inavyotaka.

"Koplo Evodi! Una ruhusa ya sentensi moja," Meja akaamuru.

"Minza binti Luhende, utakubali nikuoe?"

"Nakubali! Mbele ya jeshi zima, nakubali!"

Makomandoo wakanguruma hadi ndege wakaruka mitini.

"Sajenti, umelisikia jibu?"

"Nimelisikia, afande! Ana akili timamu, ila hana viatu."

"Kibali nitasaini nikifika penye kalamu," Meja akasema. "Koplo, macho mbele! Wimbo!"

Zilibaki kilomita mbili kufika getini. Minza alizikimbia zote.