Mstari Wenye Alama ya Reli

Mzee Arvid Tollefson alikutwa amekaa jikoni kwake, Duluth, kahawa imepoa mezani, mashavu mekundu kama ya mtu aliyetoka kucheka.

"Gesi ya sumu," alisema daktari wa polisi. "Bomba la hita limepasuka huko chini."

Inspekta Aili Koskela alimgeukia mjukuu wa marehemu, Jolene, aliyesimama mlangoni na mtoto kiunoni.

"Ulijua hita ni mbovu?"

"Nilijua. Nikawapigia wenye nyumba. Wakasema hawaji bila ushahidi, nitume video kwenye tovuti yao."

"Wanasema hawajapata kitu."

"Nilituma, Inspekta! Kaduara kanazunguka, kanazunguka, halafu ukurasa unarudi mwanzo."

Koskela alimkazia macho. Alishasikia uongo mwingi uliotoka na machozi ya kweli. Kama binti huyu alijua na akakaa kimya, hiyo ni kesi ya uzembe uliosababisha kifo, na mtoto yule angelelewa na watu wengine. Jolene naye alilijua hilo. Alimbana mwanawe mpaka mtoto akalalamika.

"Nipe hiyo simu," Koskela alisema.

Ofisini kwa kampuni ya nyumba, meneja Curtis Bergstrom alitabasamu muda wote. Tabasamu lile halikumkaa Koskela vizuri.

"Kupiga video kila mtu anaweza, Inspekta. Kutuma ndiyo kazi."

"Basi ngoja nijaribu mimi."

Kwa simu ya Jolene, alituma picha ya kikombe kilichokuwa mezani. Ikapita bila hata kubisha hodi. Akatuma video ya Jolene. Kaduara. Kimya. Ukurasa ukarudi mwanzo.

Fundi wa seva wa kampuni, Neil Hauge, aliyekaa pembeni ya meneja, akaanza kujikuna shingo. "Intaneti ya leo nzito."

"Kwa picha haikuwa nzito."

"Lakini kikomo chetu cha ukubwa wa faili kiko juu! Tazama." Akamgeuzia skrini. Kweli, mpangilio wa programu uliruhusu mafaili makubwa. "Hapa unapakia harusi nzima, pamoja na keki yake."

Bergstrom akacheka. Koskela hakucheka. Tovuti ya polisi yenyewe iliwahi kugomea video za kamera za doria, naye alikaa na mafundi mpaka akaelewa: faili hupita milango miwili. Programu iko ndani; mbele yake kuna seva inayopokea wageni. Mlango wa mbele ukibanwa, wa ndani hata uwe mpana vipi haumfai mtu.

"Huo ni mlango wa ndani, kaka. Nifungulie mipangilio ya seva ya mbele."

Neil alimtazama meneja kwanza. Koskela aliliona jicho lile.

Faili la mipangilio likafunguka. Kikomo kilikuwa kidogo, cha kupitisha picha tu. Juu yake palikuwa na mstari pacha wenye kikomo kikubwa, umetiwa alama ya reli (#) mbele ili seva iuruke.

"Huu wa zamani mbona hukuufuta?"

"Hatufuti." Neil aliutazama mstari ule. "Mafundi wote tuko hivyo. Unauzima, unauacha. Huenda ukauhitaji."

"Ulikuwa unauhitaji lini?"

"Neil, funga mdomo," alisema Bergstrom.

"Theluji ikiyeyuka." Neil alifunika uso. "Wapangaji walikuwa wanatushtaki kwa video zao. Hita kwenye picha inaonekana nzima, lakini kwenye video unauona moto wa njano, ule wa kutoa gesi ya sumu, unarukaruka. Curtis akasema tukipokea, tumejua. Tukijua, lazima tutengeneze. Nyumba zote zile! Akasema bana mpaka baridi ipite."

"Na seva ikimkataa mtu, huandika?"

Neil akaonyesha kumbukumbu za seva. Simu ya Jolene ilikuwemo, imekataliwa tena na tena, wiki nzima kabla ya kifo.

"Hakuna sheria inayosema seva ipokee kila kitu," Bergstrom alisema. Tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Iko inayosema nyumba isimuue mpangaji. Simama."

Sajini aliyekuja na Koskela alipomfunga meneja pingu, Neil aliuliza kwa sauti ndogo, "Niurudishe ule mstari? Kuna wengine bado wanatuma."

"Sajini anakili haya kwanza, yawe ushahidi. Halafu urudishe upesi."

Neil akaufuta mstari mdogo, akaondoa alama ya reli kwenye ule mkubwa, akaiamuru seva isome upya. Koskela akatuma tena video ya Jolene. Safari hii ikafika, ikacheza kwenye skrini ya meneja: moto wa njano, mtoto akikohoa. Mwishoni, nyuma ya kamera, sauti ya mzee:

"Watakuja leo, mjukuu wangu?"

"Watakuja, babu. Natuma sasa hivi."