Mpinzani wa Saa Kumi

Jumamosi, ghorofa ya chini ya lile jengo la maduka haina pa kuweka mguu. Spika zinashindana, wauza kava za simu wanaita, kila mtu ana haraka. Humo akaingia binti mmoja, mshonaji wa magauni ya harusi, mwenyewe kavaa gauni la kijani lililomkaa sawasawa kiunoni, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Mkononi alishika kidude cha gemu cha zamani, rangi imebanduka pembeni kwa kushikwa.

Alisimama mbele ya kibanda cha fundi aliyeitwa Mawimbi, kwa kuwa waifai ikipotea, yeye ndiye hujua ilikopotelea. Fundi alikuwa mrefu, shati limepigwa pasi, bisibisi sikioni kama kalamu ya karani.

"Kaka, hiki kimekufa?"

Mawimbi alikiwasha, akabonyezabonyeza. "Kizima kuliko mimi. Hakishiki mtandao tu, sivyo?"

"Tangu tubadilishe modemu. Simu zinashika, kompyuta inashika, chenyewe kinasema hakioni kitu."

"Hakidanganyi, dada. Kimetengenezwa zamani, kinasikia masafa ya chini peke yake. Modemu yenu mpya inatangaza masafa ya juu, tena kwa kufuli la kisasa ambalo hiki hakilijui. Mmoja anaita, mwenziwe hasikii."

"Kwa hiyo nitupe?"

"Nani kasema kutupa? Ni chako?"

"Cha mama yangu." Fundi alipotabasamu, akamkazia macho. "Cheka tu. Kwenye mbio za magari atakuacha unakula vumbi."

Kisha, bila kujua kwa nini anamwambia mgeni, akamweleza. Mama yake, mwalimu mstaafu wa hisabati, alikuwa na mdogo wake mmoja tu. Siku moja alimkemea mdogo huyo mbele ya wakwe zake, yule akaondoka analia, na tangu hapo miaka tisa hawajasemezana. Lakini wakati wa amani walikuwa wamenunua vidude viwili vya kufanana. Alasiri moja mwalimu alikiwasha chake, akamkuta mdogo wake barabarani ndani ya gemu. Wakashindana bila neno. Tangu siku hiyo, kila saa kumi alasiri, wanakimbizana.

"Sasa ni wiki tatu mama hajaonekana kwenye gemu," alimaliza. "Mama mdogo atadhani ameachwa."

Bisibisi ilitoka sikioni. "Kesho nakuja kwenu."

Alikuja kweli. Ndani ya modemu ileile akafungua mtandao wa pili, wa masafa ya chini, wenye kufuli la zamani, akautenga na simu zao maana kufuli hilo si imara. Kidude kikashika. Mwalimu, kanga kiunoni na miwani puani, akapiga vigelegele. Ilipotimu saa kumi akaketi kochini, akangoja. Saa kumi na nusu bado alikuwa anangoja. Mpinzani hakutokea siku hiyo, wala kesho yake.

"Amechoka nami," mwalimu alisema, akakifunika kidude kwa kitambaa.

Fundi alirudi mara ya pili "kukagua mawimbi", na mara ya tatu hakutaja mawimbi kabisa. Simu kati yake na mshonaji zikaanza.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Nina sindano mdomoni, usinichekeshe."

"Basi nitazungumza mimi, wewe uitikie kwa pua."

"Mmh."

"Unanipenda?"

"Mmh!" Na sindano zote zikamwagika sakafuni.

Wiki moja baadaye, mama mmoja mnene, kavaa dera la maua ya machungwa, alikiweka kidude chake juu ya meza ya Mawimbi. "Nataka kukiuza. Sina wa kucheza naye."

Mawimbi akakifungua. Kwenye orodha ya marafiki palikuwa na jina moja tu: Chaki. Jina hilo aliliona kwenye kidude cha mwalimu.

"Mama, usiuze. Chaki hajakukimbia. Walibadilisha modemu, kidude chake kikawa hakioni mtandao."

Mama yule alikivuta kidude chake karibu. "Wanijua?"

"Namjua binti yake."

"Kama ni kweli, njoo kwangu uikague na modemu yangu. Lakini ukimwambia mtu kabla sijajikaza mwenyewe, sikufungulii mlango."

Basi mshonaji alipompigia mpenzi wake alasiri ile, alisikia nyuma yake sauti ya mwanamke, tamu, imejaa kicheko: "Njoo basi, kipenzi changu, chai inapoa!"

"Uko wapi?"

"Niko... kazini."

"Kazini kuna kipenzi na chai?"

"Nitakueleza, mpenzi, ila si leo..."

Binti akakata simu. Siku tatu fundi alipiga, haikupokelewa. Mshonaji alishona mikono miwili ya kushoto kwenye gauni moja, akaifumua, akalia, akasingizia vitunguu na hali jiko halikuwashwa.

Siku ya nne, saa kumi kamili, kidude kililia chini ya kitambaa chake. Mwalimu alikirukia kama msichana.

"Yupo! Mwanangu, yupo!"

Walikimbizana mizunguko mitatu. Katika kona ya mwisho gari la mwalimu likapunguza mwendo, mdogo mtu akapita. Dakika haikuisha, simu ya mezani ikaita. Mwalimu akaweka spika.

"Dada, umenipisha makusudi."

"Sijakupisha. Kidole kimeteleza."

"Miaka tisa hakijateleza!"

"Basi nimekupisha." Mwalimu akavua miwani. "Na siku ile mbele ya wakwe zako nilikukosea. Nisamehe, mdogo wangu."

Upande wa pili palisikika kilio, kisha kicheko, kile kile kitamu. Mshonaji alisimama ghafla.

"Mama mdogo! Kipenzi chako cha chai ni nani?"

"Ah, yule fundi wako? Nilimwapisha asiseme, masikini. Siku tatu anakuja hapa kukagua modemu, hali chochote, anaangalia simu yake tu. Haya, nami nakuja huko sasa hivi."

Binti hakungoja mengine. Alitoka na kandambili, akapita katikati ya watu mpaka kibandani, ambako wateja watano walikuwa kwenye foleni.

"Ungenipa hata fununu!"

"Niliapa."

"Na mimi ningekufa kwa wivu?"

"Ungekufa, nisingefungua tena kibanda hiki." Mawimbi akaweka chini simu aliyokuwa anaitengeneza. "Ulikata bila kuniuliza, nami nilisema niko kazini. Sote tumekosa. Nisamehe."

"Nisamehe na wewe."

"Nina neno jingine. Nilitaka kulisema mahali pazuri, lakini siku tatu zimenifundisha nisichelewe." Akazunguka meza, akamshika mikono yote miwili. "Nioe... yaani, nikuoe. Utakubali?"

Kicheko kililipuka kwenye foleni. Mshonaji alicheka mpaka machozi, lakini mikono hakuitoa.

"Dada, jibu," alisema mzee mmoja aliyekuwa wa kwanza. "Simu yangu iko uchi hapo mezani."

"Nimekubali," alisema, huku akimfuta fundi jasho la paji la uso kwa kiganja. "Sasa mfungie baba simu yake, mume wangu, twende nyumbani. Mama mdogo yuko njiani."