Mfupa Usiokuwapo

Fundi saa alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakuweza kuona kitu kimesimama akaacha kukifungua. Saa za ukutani, pasi, redio za majirani, vyote vilipita mezani kwake. Kibanda chake kilikuwa mbele ya nyumba, kando ya barabara, na chini ya meza alilala mbwa wake, Dakika. Binti yake wa miaka tisa alirithi ugonjwa huo huo. Kwa maswali yake, mtaa mzima ulimwita Mdadisi.

Asubuhi moja Dakika hakugusa chakula. Taya lilining'inia na mate yalimchuruzika. Alisogelea bakuli la maji, akajaribu kunywa, akashindwa. Hata sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mfupa umemkwama kooni," fundi alimwambia mkewe. "Ngoja niutoe."

Mkewe alimsihi amwache mnyama huyo. Fundi hakusikia la mtu. Alivaa lenzi yake jichoni, akachukua tochi, akampanua Dakika kinywa. Alichungulia mpaka shingo ikamuuma, asione mfupa. Basi kimekwama nini? Akaingiza vidole viwili apapase. Dakika akafunga taya, na jino likamchana fundi kidole. Damu ilitoka kidogo tu.

Fundi alijifuta kwenye suruali, akafunga kidole kwa kitambaa, akarudi kwenye saa zake. Kwake hayo yalikuwa mambo madogo. Bisibisi zilikuwa zimemchoma vibaya zaidi.

Jirani yao mmoja alikuwa mhudumu wa afya ya mifugo. Alizunguka mitaani na sanduku la dawa za wanyama, basi watu wakamwita Mama Sanduku. Saa moja haikupita akaja kuchukua saa yake. Fundi alimsimulia habari za mfupa alioutafuta asiuone. Mama Sanduku aliacha kutabasamu, akauliza mbwa alichanjwa lini. Fundi akasema hajawahi kuchanjwa, kwani huwa haumi mtu.

"Fungua hicho kitambaa, Fundi. Twende bombani sasa hivi."

Alimnawisha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano kamili. Ilipofika ya tano fundi alitaka kuacha. Mama Sanduku alimwambia, fundi saa gani huyu asiyejua kuhesabu dakika. Mkewe alileta mafuta ya taa ampake, kama alivyoona wengine wakifanya. Mama Sanduku akakataa: si mafuta ya taa, si majivu, si pilipili. Sabuni na maji, kisha zahanati.

"Lakini Dakika si mkali," fundi alisema. "Wenye kichaa cha mbwa si wale wanaokimbiza watu?"

"Wengine hukimbiza watu. Wengine hupooza taya na koo, ukadhani wamekwamwa na mfupa. Ugonjwa uko kwenye mate."

"Sasa umeshaingia mwilini mwangu?"

"Huenda umeingia. Hupanda polepole kwenye mishipa ya fahamu kwenda ubongoni. Unaweza kuchukua wiki, unaweza kuchukua miezi. Dalili zikianza, hakuna dawa, mtu hufa. Lakini ukichanjwa kabla, unapona. Ndiyo maana hatusubiri."

Fundi alikuwa na maswali mengine kumi. Mama Sanduku alimwambia atayauliza njiani.

Huko zahanati, muuguzi hakushona kidonda wala hakukibana. Alikisafisha tena, akachoma dawa pale pale pembeni mwake, kisha akamchoma chanjo begani. Alimpa kadi yenye tarehe nne na kumwonya asiruke hata moja. Halafu akauliza nani mwingine ameguswa na mate ya mbwa yule.

"Hakuna," fundi alijibu upesi.

Njiani kurudi nyumbani jibu lile lilianza kumkera. Alikuwa amesema hakuna bila kuuliza mtu.

Alipofika, Mama Sanduku, aliyemwacha zahanati na kutangulia kurudi, alikuwa ameshavaa glavu nene na kumfungia Dakika stoo. Fundi alimwita binti yake, akamuuliza kwa ukali kama amemgusa mbwa. Mdadisi akatikisa kichwa, lakini mkono mmoja ulikuwa nyuma ya mgongo. Fundi alitaka kugomba, akajizuia, akakaa chini sakafuni.

"Mimi leo nimefanya upumbavu," alisema. "Nimeingiza vidole kinywani mwa Dakika, nikitafuta mfupa."

Mdadisi akamtazama. "Uliuona?"

"Sikuuona."

"Hata mimi sikuuona."

Akautoa mkono. Kiganjani palikuwa na mchubuko mwembamba wa tangu jana jioni. Alikuwa amemwona Dakika akishindwa kumeza, akachukua kibano cha baba yake, kitu alichokatazwa, amtafutie mfupa kinywani; jino likamchubua, na akanyamaza asigombezwe. Fundi alimbeba mbio hadi bombani, akaosha kiganja kile kwa sabuni huku macho yake yako kwenye saa, kisha wakarudi zahanati.

Dakika alikufa kesho yake. Mama Sanduku alipeleka kichwa chake maabara, na majibu yakathibitisha kuwa ni kichaa cha mbwa. Wiki iliyofuata alichanja mbwa na paka wa mtaa mzima bila malipo. Fundi alimtangulia nyumba hadi nyumba. Kila aliyesema "wangu haumi" alionyeshwa kidole chenye kidonda.

Siku ya sindano ya mwisho, baba na binti walirudi nyumbani kwa miguu.

"Baba, ningenyamaza ingekuwaje?"

Kwa kawaida fundi hujibu kwa maelezo marefu. Safari hii alijibu kwa ufupi.

"Ungekufa, mwanangu. Na mimi ningebaki nikijiuliza ulikuwa unaogopa nini."

Mdadisi akajibu, "Nilikuogopa wewe."

Maneno hayo yalimuuma fundi kuliko sindano zote. Kesho yake alitengeneza kiti kidogo, akakiweka mezani kando ya chake, akampa binti yake kibano kiwe chake mwenyewe. Sasa Mdadisi akikwaruzwa, hata na paka, hata na msumari, hufungua bomba huku akimwita baba yake aje aone.