Joho Lenye Lebo Nyekundu

Joho lilikuwa limeloa kwapani. Mboni aliligusa tena, maana hakuwa amelifua, joho halifuliwi. Alikuwa amelianika tu uani kwake, Mabawa, litoke harufu ya sanduku, na jua la kaskazi lilikuwa limelipiga tangu asubuhi. Kitambaa chote kilikuwa kikavu, lakini kwapani palikuwa pabichi, tena pana vuguvugu. Alipovinusa vidole vyake alikuta jasho la mwanamume.

Mtu mwingine angelirudisha mnadani alikolinunua. Lakini Mboni alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja tu, Sadalla, na Sadalla alikuwa anaoa Ijumaa. Ulikuwa mwaka wa hamsini na moja, mkonge umepanda bei, na Tanga nzima ilikuwa ikiozesha kwa mbwembwe. Mwana wa Mboni atoke na joho la kuazima, watu wapate la kusema? Lile la mnadani lilikuwa jeusi, limetariziwa nyuzi za dhahabu zilizofifia, na ndani ya ukosi lilikuwa na lebo ndogo ya hariri nyekundu yenye maandishi ya uzi mweupe: Mohsin, Pangani. Nguo yenye jina la fundi wake, nani atauliza imenunuliwa wapi?

Basi akalifukiza. Alitia udi na ubani chetezoni, akalitandaza juu ya moshi mpaka lile jasho lisisikike tena, akalinyunyizia marashi, kisha akamwita mwanawe aje alijaribu. Akamvisha kwa mkono wake mwenyewe. Lilimkaa sawasawa, na Mboni akafurahi kama mama yeyote.

Sadalla alitoka hadi uani, akaketi palipo na jua kali kuliko pote.

"Mama," akasema, "naona baridi."

Tangu saa ile hakulivua. Walipomtoa mkono mmoja tu, midomo yake iligeuka myeusi na pumzi ikamkatika, wakamrudishia mbio. Chakula hakukigusa. Kila adhuhuri, watu wanapokimbilia vivulini, yeye alitoka akaketi katikati ya ua akitetemeka, na nyumba ikajaa harufu ya udi ambao hakuna aliyeuchoma, na kadiri mashavu yake yalivyobonyea ndivyo ile tarizi ilivyozidi kung'aa, uzi mmoja baada ya mwingine, hata jirani asiyejua lolote akachungulia ukutani akampongeza Mboni kwa joho jipya. Ijumaa ikapita bila harusi.

Akaitwa Shekhe Zubeiri, aliyejulikana mtaani kwa kutoa majini. Alisoma mpaka sauti ikamkauka. Jini hakupanda wala hakujibu.

"Mama Sadalla," alinong'ona, "huyu si wa porini. Huyu amelelewa na watu. Nikimvuta bila kujua kaingia kwa haki gani, nitamtoa mwanao, yeye abaki. Mtafute aliyelishona hilo joho."

"Na kama kafa?"

"Mtafute mwanawe. Lakini fanya upesi."

Mfa maji haachi kutapatapa. Mboni alimwachia mgonjwa kaka yake Mwinyijuma, akapanda basi hadi Muheza, akakaa kwenye makapu ya machungwa ya watu akisubiri gari la Pangani huku akiomba asikute msiba nyumbani. Pangani alipita baraza moja baada ya nyingine penye vyerehani. Mohsin alikwisha kufa zamani, wakamwambia, ila binti yake, Bibi Turkiya, yuko Mwera. Akaenda kwa miguu.

Alimkuta mlangoni, kikongwe mweupe wa nywele, anakuna nazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, unaonekana hoi."

"Nimekuja kwa ajili ya joho la marehemu baba yako. Lina lebo ukosini."

"Nyeupe?"

"Nyekundu."

Mkono wa bibi ukasimama juu ya mbuzi. "Punguza sauti," akasema. "Nyeupe zilikuwa za watu. Nyekundu baba alizishona kwa nyumba moja tu, ya Taimur, mwenye minazi hii. Walikuwa na jini wa mali tangu babu zao. Joho ni lake. Kila mzee wao alipokufa, walimkabidhi kiti kingine, mtu wa damu ileile, akampanda. Taimur hakuzaa. Naona jamaa wa mbali wameuza vitu wasivyovijua."

"Mwanangu kamkosea nini?"

"Hajamkosea. Ulilifukiza?"

"Kwa udi na ubani. Si ndivyo tufanyavyo nguo za bwana harusi?"

"Ukatia marashi. Ukamvisha kwa mkono wako, wewe mama yake."

Mboni aliitazama mikono yake.

"Ndivyo walivyokuwa wakimkabidhi, mwanangu. Yeye kaona kapewa mtoto, kapokea."

"Nitalichoma moto."

"Utamchoma na mwanao humo. Kinachomfunga ni ile lebo. Baba aliishona mwisho, mtu akishavaa na kuridhia. Hufumuliwa ikashonwa kwenye nguo ya mwingine, lakini awe wa damu moja na aliyepandwa, na ajitoe kwa moyo wake. Kumfukuza sahau. Jini huyu hajui kwenda zake, anajua kurithiwa."

Mboni aliingia Mabawa adhuhuri ya kesho yake. Alimkuta Mwinyijuma uani na chupa ya mafuta ya taa, macho mekundu kwa kulia, na Sadalla amelala juani, amebaki mifupa ndani ya joho linalometameta.

"Dada, sina tena la kufanya. Nalichoma."

"Weka kiberiti chini, kaka."

"Mtoto anakufa."

"Naona. Niletee sindano."

Alipiga magoti, akaukunjua ukosi, akaanza kufumua, na kila uzi ulitoka umeloa, una joto, na harufu ya udi ikamkaba mpaka machozi yakamtiririka, na nyuma ya shingo yake mtu asiyeonekana akawa anapumua polepole, kwa subira, kama mgeni anayengoja mwenye nyumba amalize kumtandikia, naye Mboni aliogopa kuliko alivyopata kuogopa maishani, lakini hakugeuka, akaishona ile lebo ndani ya gauni lake, kifuani, mpaka akafunga fundo.

"Nimeridhia," akasema.

Joho likamvuka Sadalla lenyewe. Alifungua macho.

"Mama, nina njaa."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mboni alipika huku akilia, na mwezi uliofuata Sadalla alimwoa Mwanasiti, mchumba wake, akiwa na kanzu tu.

Mwanasiti ni mkwe mwema. Anashangaa tu kwamba mama mkwe hataki kufuliwa gauni lake, na amepiga marufuku udi nyumbani. Mchana Mboni hutandika mkeka katikati ya ua.

"Mama, njoo kivulini," Sadalla humwambia. Yeye hakumbuki lolote.

"Niache, baba. Naona baridi."

Kisha hufumba mdomo, akauziba na upindo wa kanga. Tangu Mwanasiti ashike mimba, kila adhuhuri kuna sauti isiyo yake inayompanda kooni, inataka kuuliza mtoto atazaliwa lini.