Kutu Chini ya Lami

Mikono ya marehemu ilikuwa bado imeshika usukani.

Gari jekundu la spoti, la milango miwili, kuukuu kuliko askari wengi waliolizunguka, lilikuwa limelalia ubavu kwenye migomba chini ya barabara ya Matombo. Ukungu wa Uluguru ulikuwa umeshuka hadi magotini. Inspekta Mwanvita aliteremka akijishikiza kwenye mashina ya migomba, viatu vikijaa tope, akachungulia dirishani. Aliyekufa alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri, la mtu aliyetoka kwenda kutembea.

Leseni ilimtambulisha kuwa Sunil, mwana wa mzee Vinubhai, muuza vitambaa wa Morogoro mjini.

"Nani aliona ajali?" Mwanvita aliuliza.

"Sikuona, nilisikia," alijibu Semeni, mama mwenye shamba lile. "Gari lilikuwa linapanda polepole. Mara ka! Kama tawi kubwa linavunjika. Ndipo likaporomoka."

"Huo mlio ulikuwa kabla ya kuporomoka? Una hakika?"

"Kabla, mwanangu. Nilikuwa hapo juu nakata ndizi. Hata mahakamani nitaapa."

Koplo Pazi, mkaguzi wa magari, alikuwa amechuchumaa upande wa pili, ambako gari lilionyesha tumbo lake lote.

"Afande, njoo uone."

Chini ya gari palikuwa peusi tii, pamepakwa lami mpya. Gurudumu la nyuma la kulia lilikuwa limeng'oka pamoja na kipande cha chesisi. Pazi alichomeka bisibisi kwenye ile lami. Ikazama hadi mpini.

"Hiki siyo chuma," alisema. "Ni pati tu, ya kuzibia mashimo. Chini yake kitambaa cha faiba. Na chini ya faiba..." Alichomoa bisibisi, unga wa rangi ya hudhurungi ukamwagikia kiganjani mwake. "Kutu tupu. Chesisi imeliwa, limebaki ganda."

"Dereva asingeweza kuona?"

"Kwa lami hii? Hata mimi ningelipitisha."

"Ina muda gani?"

Pazi alinusa. "Mbichi kabisa, afande."

Mwanvita alimtazama tena yule kijana mwenye shati safi. Jalada lililofunguliwa kama la ajali, moyoni mwake lilikuwa limekwisha kugeuka la mauaji.

*

Nyumbani kwa Vinubhai, juu ya duka, mapazia yalikuwa yameshushwa. Mzee alikaa kwenye kiti cha pembeni, hakuinua macho. Mkwewe, Bhumi, mjane wa Sunil, alikuwa amevaa nguo nyeupe na alizungumza kwa sauti iliyokauka.

"Shikamoo, mzee. Poleni sana," alisema Mwanvita.

"Marahaba."

"Gari lilikuwa la nani?"

"Langu. Lilikaa ghalani miaka mingi. Nilimwambia aliuze kama chuma chakavu. Hakunisikia."

"Alitaka kumfurahisha baba," Bhumi aliingilia. "Zamani baba alikuwa akimpeleka Matombo kwa gari hilo kununua mdalasini. Aliporudi kutoka masomoni India alilikuta limefungiwa. Tangu hapo akawa anasema, iko siku atalifufua, ampandishe baba mlimani. Jana alitangulia kulijaribu."

"Nani alilitengeneza?"

"Fundi Hamza wa Msamvu. Kila mtu alimsifia."

Mwanvita alimgeukia mzee. "Kwa nini ulilifungia?"

Vinubhai alitazama mikono yake.

"Lilizeeka," alisema hatimaye, akainuka na kuingia chumbani.

*

Hamza alikuwa ameketi juu ya tairi katikati ya gereji yake, grenda ikiwa imezimwa miguuni. Alikuwa mtu wa miaka sitini hivi, kofia ya darizi kichwani, mikono imejaa makovu ya moto.

"Shikamoo, mzee Hamza."

"Marahaba, mwanangu. Nilijua mtakuja."

"Umesikia kuhusu Sunil?"

"Nimesikia."

"Gari lake ulilitengeneza wewe?"

"Mimi. Peke yangu."

"Uliiona kutu?"

"Niliiona."

"Ukaifanyaje?"

"Nikaiziba."

Majibu yalikuja upesi mno, kama ya mtu anayetaka kumaliza. Fundi mvivu angejitetea. Angelaumu barabara, angelaumu dereva. Mwanvita alizunguka gereji taratibu. Kwenye meza ya kazi palikuwa na vipande vya chuma vilivyokatwa na kukunjwa kwa ufundi, vikapakwa rangi ya kuzuia kutu. Pazi alikishika kimoja, akakilinganisha na picha alizopiga kule bondeni.

"Ni vya lile gari, afande. Upande wa kulia."

Mwanvita alivuta stuli, akakaa mbele ya fundi.

"Mzee Hamza, upande wa kushoto uliikata kutu yote, ukachomelea chuma kipya. Koplo anasema hajaona kazi safi kama ile. Kwa upande wa kulia ulikuwa umeshaandaa vipande. Ukaviacha mezani, ukaziba kwa pati. Ulipokuwa unatoka kushoto kwenda kulia, kilitokea nini?"

Hamza aliisukuma grenda kando kwa mguu.

"Hulazimiki kusema lolote," Mwanvita aliendelea. "Utakalosema litaandikwa, na linaweza kutumika kama ushahidi mahakamani."

"Andika," alisema Hamza.

Aliingiza mkono mfuko wa kifuani, akatoa nusu ya bangili ya shaba na kuiweka kiganjani mwa Inspekta.

"Nilikuwa nagonga chesisi ya kulia kwa nyundo, natafuta kutu inakoishia. Nikafika mbele kabisa. Pale nikaona chuma kiliwahi kupinda, kikanyooshwa, kikafunikwa lami ya zamani. Nikaikwangua. Hiyo ikaanguka."

"Ya nani?"

"Ya Hidaya, binti yangu. Niliisokota mwenyewe, nyuzi mbili za shaba. Aligongwa Kilakala asubuhi, anakwenda shule. Gari halikusimama. Aliyeliona alisema jekundu tu, basi. Mochwari nilikabidhiwa nusu ya pili. Miaka tisa sasa."

Mwanvita alijikuta ameifumba ile shaba mkononi. Akaifumbua, akaitia kwenye mfuko wa vielelezo.

"Kwa nini hukuja polisi?"

"Nilivaa viatu nije. Nikafika pale getini, nikakutana na Sunil anaingia. Ana sambusa kwenye mfuko, anacheka. Akaniuliza, 'Fundi, litakimbia kama zamani?'" Hamza alilitazama lile geti. "Kama zamani! Mwanangu yuko kaburini, yeye anataka likimbie kama zamani. Nikarudi ndani. Nikachanganya pati."

"Ulijua litakatika?"

"Nilijua. Kwenye barabara za mjini lingestahimili kidogo. Nikamwambia alipeleke mlimani, apime nguvu zake."

Pazi alitazama chini. Mwanvita alimfunga fundi pingu yeye mwenyewe, bila kuzikaza, akawakabidhi askari wa doria wamtangulize kituoni.

*

Lakini njiani kurudi kituoni maneno ya Bhumi yalimrudia, yakakataa kumtoka. Aliporudi kutoka India alilikuta limefungiwa. Alisimamisha gari kando, akampigia simu.

"Dada Bhumi, Sunil alirudi lini kutoka masomoni?"

"Mwaka ule tuliooana. Miaka saba iliyopita."

"Na kabla ya hapo, likizo alikuwa akija?"

"Hata mara moja. Tulikuwa tunasoma wote kule. Kwa nini?"

Mwanvita alikata simu, akageuza gari.

Safari hii Vinubhai alikuwa peke yake sebuleni. Inspekta aliweka mfuko wa vielelezo mezani, ile shaba ikionekana kupitia plastiki, akampa onyo la kisheria kama alivyompa Hamza. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuwa mimi," alisema. "Jua lilinipiga machoni. Nikasikia kishindo. Nilisimama mbele kidogo, nikaona kwenye kioo watu wanakimbilia mahali pamoja. Nikaondoka. Nikalipeleka Gairo kwa fundi asiyenifahamu, akalinyoosha. Halafu nikalifungia."

"Ulimfahamu mtoto?"

"Sikuuliza. Niliogopa kusikia jina."

"Sunil alijua?"

"Angenitazamaje baada ya hapo?" Machozi yalianza kumdondoka, hakuyafuta. "Nilimwona siku alipokuwa akilisukuma kulitoa ghalani. Nilisimama dirishani pale. Neno moja tu lingemzuia. Sikulisema."

Pazia la mlango wa ndani lilitikisika. Bhumi alikuwa amesimama nyuma yake, na amesikia yote. Hakulia wala hakumkaribia mkwewe. Alilishusha pazia, wakasikia hatua zake zikienda mbali na kile chumba.

*

Njiani Mwanvita alimweleza Vinubhai bangili ilikuwa ya nani, na Hamza alifanya nini alipoiona. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha walipofika kituoni. Hamza alikuwa kwenye benchi la chumba cha upelelezi, anasubiri kutia dole gumba kwenye maelezo yake. Mwanvita alimwacha Vinubhai na Pazi mlangoni, akaingia.

"Mzee Hamza, aliyemgonga Hidaya ni Vinubhai. Amekiri. Mwaka ule Sunil hakuwepo nchini."

Hamza alimtazama kana kwamba amesemeshwa kwa lugha ngeni.

"Na yule kijana alikuwa hajui?"

"Hakujua lolote."

"Alikuwa analala chini ya gari pamoja nami," Hamza alisema taratibu. "Namwambia atachafuka, anakataa. Ananishikia taa." Akarudia, "Ananishikia taa," kisha akainamisha kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika bila sauti.

Pazi alimwingiza Vinubhai. Hapakuwa na chumba kingine cha kumwandikia maelezo, na benchi lilikuwa moja. Mzee aliketi kwenye ncha ya pili. Mvua ilipiga bati.

"Kwa nini hukuja kuniuliza?" Vinubhai alisema mwishowe, sauti imekwaruza. "Ulikuwa na ile bangili mkononi. Ungekuja dukani, ukaniuliza mimi."

Hamza aliinua uso uliolowa.

"Ningekuuliza, ungenijibu?"

Mwanvita alishika kalamu, akangoja. Vinubhai aliinua macho, akamtazama Hamza.

"Hapana," alisema.